Mwosha Huoshwa: Nani Anamtunza Anayewahudumia Marehemu Wetu?

Ndugu msomaji, wahenga walisema, "Mwosha huoshwa." Kwa kawaida methali hii hutukumbusha kwamba sote tutakufa, hata yule anayeosha miili ya wenzake. Mwezi huu tuitazame kwa upande mwingine: mwosha angali hai, na yeye pia anahitaji kutunzwa.

Pongwe ipo kando ya barabara kuu itokayo Tanga mjini kwenda Muheza na Segera. Mwenzetu akifariki katika Hospitali ya Bombo, mwili wake hupita katika mikono ya watu wengi kabla ya kufika kaburini. Yupo mhudumu wa mochwari, wapo wanaomwosha na kumvika, yupo fundi wa jeneza, dereva wa gari, na vijana wachimba kaburi. Sisi wafiwa hulia, tukaondoa matanga, tukarudi kazini. Wao kesho yake wana msiba mwingine.

KAZI HII INAUMIZAJE?

Tuchukue mfano wa fundi wa majeneza. Jeneza la mzee wa miaka 80 analitengeneza huku akipiga soga na wateja. Siku moja analetewa kamba ya kipimo yenye urefu wa futi mbili na nusu. Haulizi maswali. Anapiga randa kimya kimya, maana nyumbani anaye mtoto wa urefu huo huo. Usiku huo hapati usingizi.

Fundi huyu si mwoga wala hana kasoro. Watu wanaoshughulika na miili ya marehemu huumia zaidi katika hali tatu: marehemu akiwa mtoto; akiwa mtu wanayemfahamu au anayefanana na mtu wao; na kifo kinapokuwa cha ghafla, kama cha ajali. Pengine si mwili unaowaliza, bali kitu kidogo kilichokutwa mfukoni: picha ya familia, au simu inayoendelea kuita.

Uzoefu nao una nafasi yake. Mwaka 1978 watu zaidi ya 900 walikufa huko Jonestown, Guyana, na wanajeshi wa Marekani wakapewa kazi ya kuichukua na kuitambua miili. Daktari aliyewachunguza baadaye aliona kwamba walioumia zaidi walikuwa vijana na wale wasio na uzoefu.

Hata sisi tumeyaona. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, watu zaidi ya 800 wakafa. Miili ililazwa katika uwanja wa Nyamagana, na wengi wakazikwa Igoma. Hapa mkoani kwetu, usiku wa tarehe 3 Februari 2023, wilayani Korogwe, basi dogo lililobeba wafiwa pamoja na mwili wa marehemu wao kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro liligongana na lori. Watu 17 walikufa, na idadi ikaongezeka baadaye. Katika kila janga la namna hii tunahesabu waliokufa na waliojeruhiwa. Wale waliobeba na kupanga miili hatuwahesabu, nao hurudi nyumbani na jeraha lisiloonekana.

DALILI ZAKE

Baada ya kazi nzito, mtu anaweza kukosa usingizi siku chache, kukosa hamu ya kula nyama, au kuhisi harufu ambayo haipo. Hayo ni ya kawaida, na kwa wengi hupungua yenyewe. Lakini tuwe macho tukiona haya:

1. Ndoto za kutisha, au picha ya marehemu inayorudi rudi mchana bila kuitwa.
2. Kushtuka ovyo na hasira za haraka kwa mke na watoto.
3. Kujitenga, kukaa kimya, kutofurahia chochote.
4. Ganzi ya moyo: haoni uchungu, lakini haoni raha pia.
5. Kunywa pombe ili apate usingizi.
6. Kusema maisha hayana maana.

Dalili hizi zikizidi mwezi mmoja, au zikimzuia mtu kufanya kazi na kuishi na wenzake, huo ni ugonjwa. Huenda ni kiwewe, huenda ni sonona. Yote mawili yanatibika.

MAMBO YANAYOONGEZA MZIGO

La kwanza ni pombe. Katika misiba mingine vijana wachimba kaburi hununuliwa mnazi au gongo "wapate nguvu." Pombe humlaza mtu upesi, lakini huharibu usingizi wake, na huzuni hurudi ikiwa kubwa zaidi. Tunadhani tumempa asante, kumbe tumempa mzigo wa pili.

La pili ni kuwatenga. Wapo wasiopenda kupeana mkono na mhudumu wa mochwari, na wapo watoto wanaotaniwa shuleni kwa sababu ya kazi ya baba yao. Mwaka 2014, wakati wa Ebola nchini Liberia, serikali iliagiza miili ya waliokufa jijini Monrovia ichomwe moto ili ugonjwa usienee. Vijana waliofanya kazi hiyo walikinga maisha ya wengi, lakini baadhi yao walikataliwa na jamaa zao wenyewe, wakaangukia katika ulevi. Katika Kitabu cha Tobiti tunasoma habari kama hizo: Tobiti alizika wafu walioachwa bila kuzikwa, akala chakula chake kwa huzuni, na majirani wakamcheka.

La tatu ni uvumi. Mtu akiota ndoto mbaya tunasema marehemu amemtokea, au amerogwa. Miezi inapita kwa waganga, na ugonjwa unakomaa.

TUFANYE NINI?

Kwa mwenye kazi. Fanyeni kazi wawili wawili, si peke yako. Angalia lile tu ambalo kazi inakudai. Barua na picha za marehemu waachie wanaohusika. Vaa glavu na nguo za kazi, na ukimaliza oga, badili nguo, ndipo uende nyumbani. Kwa wengi kitendo hicho huwa alama moyoni kwamba kazi ya leo imekwisha. Kula, tembea, lala kwa saa zinazoeleweka.

Kwa mwajiri. Kijana mgeni asianzishwe kwa mwili wa mtoto au wa ajali. Akae kwanza na mzoefu. Baada ya janga kubwa wape watu mapumziko na zamu za kupokezana. Mtu aliyefiwa karibuni asipangiwe kazi ngumu ya aina hiyo.

Kwa mke, mume na ndugu. Usimlazimishe kusimulia aliyoyaona. Zamani ilidhaniwa kwamba kila mtu lazima asimulie yote mara baada ya janga. Siku hizi Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo, na mwaka 2011, likishirikiana na mashirika mengine, lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Shabaha yake ni hii: angalia anahitaji nini, msikilize, kisha muunganishe na msaada. Mke wa fundi wetu anaweza kusema tu, "Mume wangu, jana hukulala tena. Kama kuna jambo limekukaa moyoni, mimi nipo." Halafu anyamaze, asubiri.

Kwa jumuiya. Kuzika wafu ni tendo la huruma, na wanaolitenda kila siku wanastahili heshima. Baada ya maziko, badala ya chupa, wapeni chakula cha moto, maji na sabuni, na malipo yao kamili. Wiki ifuatayo wajumbe wawili wapite: "Fundi, pole na kazi. Unaendeleaje?" Tunawatembelea wafiwa, tuwapitie na hawa.

LINI TWENDE HOSPITALI?

Anzeni zahanati au kituo cha afya, nao watawaelekeza Bombo inapobidi. Kumtibu mgonjwa wa akili si jambo geni mkoani kwetu: hospitali ya Lutindi, katika milima ya Usambara, imefanya kazi hiyo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Matibabu ni mazungumzo na mtaalamu, na pengine dawa. Baadhi ya dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Mgonjwa asiziache kwa kujiamulia.

Akisema "afadhali nife," msingoje mwezi. Msimwache peke yake, ondoeni karibu naye dawa za kuulia wadudu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo. Humfungulia mlango wa kusema.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA JUMUIYA

1. Katika eneo letu, nani huosha, hutengeneza majeneza, huchimba makaburi? Je, tunawajua kwa majina?
2. Katika msiba wa mwisho tuliwashukuruje? Je, shukrani ile iliwajenga?
3. Nani kati yetu atampitia mmoja wao wiki hii?

Ndugu msomaji, siku moja kamba ya kipimo itapelekwa kwa fundi kwa ajili yako na yangu. Tumjulie hali leo, tungali na kinywa cha kumwuliza.