Pilipili ni ya chungu, si ya macho

Ninyi watu wa Masisi na Walikale, pandeni pilipili karibu na jiko. Walikale kuna joto, inasitawi upesi. Masisi kuna baridi: ipandeni penye jua, pasipo upepo.

Mbichi ina vitamini C nyingi. Itieni kidogo katika sombe na mawese, au katika maharagi. Huamsha hamu ya kula. Nyingine ianikeni, mwenye kwenda machimboni Rubaya au Bisie aichukue.

Lakini mtoto akishikwa na degedege, msimtie pilipili machoni, wala maji yake nyuma. Inamchoma, haimponyi. Degedege mara nyingi huletwa na malaria. Mlazeni ubavu, kisha mpelekeni kwa munganga upesi.