Zebaki Katika Baridi na Katika Moto

Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama wanaijua zebaki. Ni nzito, inang'aa kama fedha, na hutiririka kama maji. Huko Rwamgasa na Nyarugusu watu wameitumia kwa miaka mingi kukamata chembe za dhahabu. Katika somo hili tutaona zebaki inavyokuwa katika baridi kali. Kisha tutaona inavyokuwa katika moto. Mambo haya mawili yana uhusiano, na la pili linagusa afya yetu.

1. Baridi hugandisha vitu

Kila kitu kina kiwango chake cha kuganda. Samli huganda asubuhi yenye baridi. Maji huwa barafu yakifika nyuzi 0 za Selsiasi. Zebaki huganda kwenye nyuzi 39 chini ya sifuri. Hata kileleni mwa Kilimanjaro hakuna baridi ya namna hiyo.

Ipo baridi kali zaidi. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni gesi ya naitrojeni. Ikipozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, gesi hiyo hutiririka kama maji. Wataalamu wa mifugo huitumia katika mitungi yao kutunza mbegu za madume ya ng'ombe.

2. Umeme katika baridi kali

Umeme ukipita katika waya hukutana na kizuizi. Ni kama mkokoteni wa ng'ombe kwenye njia ya mchanga. Ng'ombe huvuta kwa nguvu nyingi, na sehemu ya nguvu hizo hupotea bure. Nguvu za umeme zinazopotea njiani hugeuka kuwa joto. Kizuizi hicho huitwa ukinzani. Waya wa metali ukipozwa, ukinzani hupungua.

Katika mji wa Leiden, Uholanzi, aliishi mtaalamu aliyeitwa Heike Kamerlingh Onnes. Mwaka 1908 alifaulu kuipoza gesi ya heli mpaka ikatiririka. Kwa njia hiyo alipata baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Alitaka kujua umeme utapitaje katika baridi hiyo.

Alipima dhahabu. Ukinzani wake ulipungua sana, lakini haukwisha. Aligundua kwamba uchafu kidogo uliomo katika dhahabu unauzuia umeme. Basi akatafuta metali iliyo safi zaidi, akachagua zebaki. Zebaki ni rahisi kusafishwa. Ikichemshwa huwa mvuke, na uchafu hubaki chini. Mvuke ukipozwa hurudi kuwa zebaki safi.

Mwaka 1911 zebaki hiyo iliyoganda ilipimwa. Ilipofika karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani ulitoweka ghafla. Umeme ulipita bila kupoteza nguvu. Mwaka 1913 Onnes alipewa Tuzo ya Nobel. Leo nyaya za metali nyingine, zilizopozwa kwa heli, hutumika katika mashine za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku.

3. Zebaki katika moto

Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu. Hukamua kwa kitambaa na kupata donge. Kisha hulichoma donge hilo. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 na kuondoka kama mvuke. Dhahabu hubaki.

Hii ni kazi ileile ya kuchemsha zebaki. Lakini mtaalamu huuzuia mvuke ndani ya chombo. Kwenye moto wa wazi, mvuke huingia hewani, na watu huuvuta. Mvuke huo hauna harufu. Ni sumu. Huharibu ubongo na figo. Mtu hutetemeka mikono, husahausahau na hukosa usingizi. Mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika kabla ya kuzaliwa. Mvuke mwingine huanguka juu ya mapaa, udongo na maji. Kutoka majini, sumu huingia katika samaki.

4. Tufanye nini?

(a) Tusichome donge ndani ya nyumba wala jikoni.
(b) Tusitumie sufuria ya chakula kwa kazi ya zebaki.
(c) Watoto na akina mama wajawazito wakae mbali.
(d) Tutumie chombo kilichofungwa chenye bomba linalopozwa kwa maji. Mvuke ukipoa hugeuka kuwa zebaki, nayo hutumika tena. Hivyo mchimbaji huokoa afya na fedha.
(e) Tujifunze kwanza kwa mtaalamu wa madini namna ya kukitumia. Hata chombo hicho kitumike nje, penye upepo.

Iliyo bora kabisa ni kuiacha zebaki. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana kuhusu Mkataba wa Minamata, ili kupunguza matumizi yake na hata kuyakomesha inapowezekana. Mpaka tufike huko, tusiuache mvuke uende ovyo.

Maswali ya mazungumzo

1. Ukinzani ni nini?
2. Kwa nini Onnes alichagua zebaki badala ya dhahabu?
3. Mvuke wa zebaki huenda wapi donge likichomwa kwenye moto wa wazi?
4. Katika kijiji chenu donge huchomwa wapi? Nani hukaa karibu?
5. Je, wachimbaji wanaweza kushirikiana kununua chombo kimoja? Jadilianeni.