Kufundisha Utengenezaji wa Kitufe cha Tovuti

Mwalimu mwanafunzi anayeingia darasani na kompyuta moja mbele ya watoto arobaini hushawishika kushika kipanya yeye mwenyewe, watoto wakabaki kutazama. Mwandishi wa makala haya aliwahi kufanya hivyo. Watoto waliporudia hatua zake mmoja mmoja, kila mmoja alipata kitufe kizuri. Lakini walipotakiwa kuchora kitufe kilichobonyezwa, darasa zima lilinyamaza. Walikuwa wamejifunza amri, hawakujifunza kuona. Somo hili la vipindi viwili lakusudia kuondoa kasoro hiyo.

SHABAHA: Mwishoni mwa somo, mwanafunzi aweze kutengeneza kitufe kwa programu ya GIMP, na kueleza kwa nini picha iliyo bapa huonekana imetuna.

VIFAA: Daftari la hesabu lenye miraba, penseli, rula, na kompyuta yenye GIMP. Programu hii hutolewa bure. Ilianzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

KIPINDI CHA KWANZA: KARATASI

Kila mtoto achore mstatili wa miraba 20 kwa 6, wenye pembe za mviringo. Mraba mmoja uhesabiwe kuwa pikseli 10, yaani nukta 10 za kioo cha kompyuta. Kisha atie kivuli kwa penseli: juu pabaki peupe, chini pawe peusi, na weusi uzidi polepole.

Uliza: "Kitufe kimetuna au kimebonyea?" Wengi watasema kimetuna. Sasa wageuze daftari juu chini, nawe uulize tena. Usiwape jibu upesi. Waongoze wakumbuke kwamba jua hutumulika kutoka juu: kilichotuna hung'aa upande wa juu, na shimo huwa na kivuli upande huo. Jicho limezoea hivyo, nalo husoma picha kwa mazoea hayo.

KIPINDI CHA PILI: KOMPYUTA

Watoto wafanye kazi kwa zamu, kila mmoja hatua moja, na mwenzake amsomee.

1. Bonyeza Ctrl pamoja na N. Andika upana wa pikseli 240 na kimo cha 80. Chagua usuli usio na rangi.

2. Kwa chombo cha kuteua mstatili, teua eneo la pikseli 200 kwa 60 katikati, ukiruhusu pembe za mviringo.

3. Weka rangi ya mbele iwe buluu nyepesi, namba 2e75b6, na ya nyuma iwe buluu nzito, namba 1f4e79. Shika chombo cha mpito wa rangi, uvute kutoka juu hadi chini.

4. Andika ENDELEA kwa rangi nyeupe. Maandishi hukaa katika tabaka lake, hivyo husahihishwa bila kugusa rangi iliyo chini.

5. Hifadhi faili la XCF kwa marekebisho ya baadaye. Kisha toa nakala ya PNG kwa ajili ya tovuti. JPEG haifai hapa, kwa kuwa haihifadhi sehemu zisizo na rangi, na pembe zitajazwa.

TATHMINI

Wape kazi ya kutengeneza kitufe kilichobonyezwa, bila kuwaonyesha njia. Aliyeelewa atavuta mpito kutoka chini kwenda juu. Kisha maandishi yabadilishwe yawe ya kijivu, na mtoto wa nyuma kabisa ajaribu kuyasoma. Mwongozo wa W3C wa mwaka 2008 wataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli kwa uwiano wa mwanga usiopungua 4.5 kwa 1. Nyeupe juu ya buluu zetu mbili yatimiza sharti hilo.

Siku hizi vitufe vingi huandikwa kwa msimbo wa CSS, bila picha. Hata huko, mwandishi wa msimbo hana budi kuamua mwanga utoke wapi. Kwa hiyo, mwalimu, kipanya kiache mikononi mwa mtoto, nawe ushike swali.