Viazi Katika Gunia: Somo kwa Wenye Ua Mdogo

Mtu apitaye Kariakoo huona magunia ya viazi ulaya yaliyotoka Mbeya, Njombe na Lushoto, akajiuliza moyoni: Mbona nisipande mwenyewe uani kwangu? Swali hili ni jema, lakini wengi waliolijibu kwa haraka wamepata hasara. Hufukia viazi vilivyochipua katika gunia, majani yakasitawi. Na siku ya kulimwaga gunia wakakuta vijiazi kama gololi tu, au wasikute kitu.

Sababu yake ni joto. Asili ya kiazi ulaya ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, nacho hunenepa chini ya udongo usiku ukiwa wa baridi. Mji wa Mbeya u mita kama 1,700 juu ya bahari. Dar es Salaam i pwani, na tangu Desemba hata Machi usiku aghalabu haupoi chini ya digrii 23. Katika joto hilo mmea hutumia nguvu zake kwa majani.

Hapa pana hatari ambayo hapana budi kuijua. Mama asiye na mboga, akiona majani yale mabichi, huenda akayapika kama matembele. Asifanye hivyo! Majani ya kiazi ulaya yana sumu, wala kuyachemsha hakuiondoi. Kadhalika kiazi chenyewe kikigeuka kijani kwa kupigwa na jua kisiliwe. Matembele ni majani ya kiazi kitamu, mmea wa jamii nyingine kabisa.

Basi, mwenye ua mdogo na apande kiazi kitamu, kipendacho joto. Njia yake ni hii:

1. Weka gunia mahali papatapo jua saa sita kwa siku; kivuli cha ghorofa hakifai. Litoboe chini ili maji yasituame.

2. Changanya udongo sehemu mbili na samadi iliyooza sehemu moja. Usichote udongo penye gereji wala kando ya mtaro wa maji machafu.

3. Simamisha katikati kopo lisilo na kitako, ulijaze kokoto. Tia udongo kulizunguka, kisha ulivute juu na kujaza tena, mpaka gunia lijae. Maji yatapita katika kokoto hizo na kufika chini.

4. Kata marando ya sentimita 30. Yapande juu na katika matundu ya ubavuni, kila moja mbali na jingine kwa shibiri moja.

5. Mwagilia asubuhi au jioni. Baada ya majuma matano hivi chuma majani machache machache, ukiyaacha mengine yakue.

Atakaye viazi vyenyewe apande marando matatu tu juu ya gunia, asichume majani mengi, akangoje miezi kama minne. Akipata mbegu ya viazi lishe, vyenye nyama ya rangi ya chungwa, watoto wake watapata vitamini A, iliyo na faida kubwa kwa macho.

Nanyi walimu, onyesheni jambo hili shuleni kwa magunia mawili, moja la kiazi ulaya na moja la kiazi kitamu. Watoto waandike wayaonayo kila juma, na siku ya kuyamwaga wapime mavuno kwa mizani. Somo lililopimwa kwa mizani halisahauliki upesi.