PUMZIKO LINALOBAKI
Somo la Majilio

Masomo: Kutoka 5, Mathayo 11:2-6 na 28-30, Waebrania 4:1-11

Tunaingia katika majuma manne ya Majilio, na neno tunalopewa ni pumziko. Hapa Kalima neno hilo ni gumu. Tangu Symétain ilipoundwa mwaka 1932, mji huu umeishi kwa kasiterite. Mwaka 1976 kampuni za bati ziliunganishwa kuwa SOMINKI, bei ya bati ikaanguka mwaka 1985, na mwaka 1997 SOMINKI ikavunjwa. Watu wakashika beleshi na beseni, wakachimba wenyewe. Na mtu anayechimba kwa deni la mnunuzi, Jumapili kwake ni siku kama nyingine.

Tazameni Kutoka 5. Musa aomba siku tatu tu za kumfanyia Mungu ibada. Farao ajibu kwamba watu hao ni wavivu, awanyima majani makavu, na hesabu ya matofali haipunguzi. Ndiyo sababu Kumbukumbu la Torati 5 lasema mtumwa na punda nao wapumzike, kwa kuwa Israeli walikuwa watumwa Misri. Hapa twajiuliza sisi wenyewe: yule kijana anayesukuma baiskeli yenye mizigo yetu toka Kindu, tunampumzisha? Au tumekuwa Farao wadogo na huku tunaimba?

Basi Yesu awaita waliolemewa na mizigo, na jambo la ajabu, awapa nira. Sisi hatulimi kwa ng'ombe, nira hatuijui vizuri. Mababu wa Maniema waliujua mti mwingine, mti wenye panda uliofungwa shingoni mwa watumwa katika misafara ya wakati wa Tippu Tip. Aliyeufunga hakuuvaa. Nira ya ng'ombe huvaliwa na wawili, na Yesu mwenyewe yumo ndani yake pamoja nasi. Fikirini watu wawili wenye mzigo mmoja juu ya mti mabegani: wa mbele akiwa na nguvu na akijua njia, wa nyuma hafiki amevunjika mgongo.

Tena, someni sura hiyo tangu mwanzo wake. Yohana Mbatizaji yuko gerezani, atuma watu kuuliza kama Yesu ndiye yule ajaye. Apata jibu, lakini mlango haufunguliwi. Mahubiri mengi hupita hapa mbio. Pumziko la Mathayo 11 lilihubiriwa wakati Yohana bado amefungwa.

Nasi Wakongo tunao mfano. Nabii Simon Kimbangu alihubiri na kuponya hadharani miezi michache tu ya mwaka 1921. Mnamo tarehe 3 Oktoba mwaka ule alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikufa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951, miaka thelathini akiwa mfungwa. Kama pumziko ni kupata fedha na kutoka katika taabu, basi huyu hakulipata. Kwa hiyo mtu akija kwenu akiuza amani kwa bahasha, akitaja bei ya maombi ya ukombozi, msimfuate, hata akionyesha maono. Aliyemwita kila mchovu hakutaja bei.

Waebrania 4 yaongeza neno moja: Yoshua aliwapa nchi, lakini pumziko likabaki bado. (Biblia yetu yaliita raha, lisifikiriwe kuwa raha ya bia na muziki wa Jumamosi.) Nchi walikuwa nayo, mashamba na visima. Wako kwetu waliongojea miaka mingi kampuni irudi, kana kwamba Majilio ni hiyo. Kazi ikirudi, tutashukuru. Lakini anayeingia katika pumziko huingia kwa imani, leo, akiwa bado na beseni mkononi.

Katika majuma haya manne, wenye wachimbaji na wabebaji chini yao wawaachie siku ya Bwana bila kukata posho yao. Wenye kudai deni wasiende kubisha mlango siku hiyo. Wazee watembelee wagonjwa na wafungwa. Juma la pili tutasoma Isaya 40.