HASIRA ZA BARABARANI NI MARADHI

Leo tuache malaria na kuhara, tuzungumzie maradhi yasiyoonekana kwa darubini: hasira za dereva.

Unayajua. Lori linakupita kwenye njia ya vumbi hapa Katumba, linakuacha huoni mbele. Au umetoka Mpanda mjini, bodaboda anakuchomekea. Papo hapo unasema moyoni, "Huyu amenidharau," unavuta mafuta na kumfukuza. Pengine mwenzio hata hakukuona. Dharau umeitunga wewe kichwani, na mwili umeiamini.

Mwili ukishaamini, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi hupanda, misuli hukaza, na fikra zote humganda yule aliyekuudhi. Mtoto anayevuka na ndoo ya maji humwoni, ingawa macho umeyakodoa. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, chombo hukata karibu mita 17 kila sekunde. Hujagusa breki, mita hizo zimekwisha. Na mwendo ukitoka 30 ukafika 60, nguvu ya kugonga haiwi mara mbili, huwa mara nne. Ndiyo maana mfupa wa paja, ulio mkubwa kuliko yote mwilini, huvunjika kama bua. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani.

Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye hasira, akiwa amesimama, akae kitako, na zisipomtoka alale. Imepokewa na Abu Daud. Utasema dereva tayari amekaa! Lakini maana yake ni kujitoa katika hali ya kushambulia. Kwako wewe ni kusogea pembeni, kuzima injini, kushuka, na kutoa pumzi polepole mpaka mapigo yatulie. Hadithi ya kutawadha wakati wa hasira baadhi ya wanazuoni wameidhoofisha, ila maji ya baridi usoni kweli hupunguza mapigo ya moyo.

Nyumbani nako kuna sehemu yake. Mume akiondoka katikati ya ugomvi, ugomvi hupanda naye pikipiki. Mama, usimpigie simu njiani kumhimiza. Mwezi wa Ramadhani, saa ya mwisho kabla ya futari ina njaa, kiu na haraka kwa pamoja. Mwenye chombo aweke tende mfukoni, adhana ikimkuta njiani asimame afuturu.

Nawe abiria, usimchochee dereva kwa kumwambia "mpite huyo." Akianza kufukuzana na mwenzake, mwambie asimame, mlipe nauli ya hapo alipokufikisha, ushuke na watoto wako mtembee.