SOMO: MAMBO MADOGO YANAYOLINDA MWILI

Fungu la kusoma: 2 Wafalme 5:1-14



Naamani, mkuu wa jeshi, alikuwa na ukoma. Alitazamia nabii Elisha atoke nje na kumwombea mbele ya watu. Nabii hakutoka, alimtuma mtu amwambie aende akaoge mara saba katika Yordani. Naamani alikasirika, kwa kuwa aliona jambo hilo ni dogo mno. Watumishi wake wakamsihi, akaenda, akaoga, akapona. Je, sisi nasi hatudharau mambo madogo?

1. Tulilofundishwa na Ebola

Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikaingia pia katika Ituri yetu. Ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Ilipita kwa damu, matapishi na maji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Kwa hiyo iliifuata mikono ya upendo: mikono ya mama anayeuguza, mikono inayoosha maiti, mikono inayowekwa juu ya mgonjwa. Siku zile tulinawa kwenye kila mlango. Na sabuni hufanya kazi kweli: huvunja ngozi ya mafuta inayokifunika kirusi cha Ebola, kikaharibika.

2. Ndoo ziko wapi leo?

Hofu ilipoondoka, ndoo nyingi ziliondoka nayo. Lakini kuhara, kipindupindu na minyoo hutumia mikono ileile. Anayenawa kwa hofu tu ataacha hofu ikiisha. Mwenye desturi ataendelea hata siku za amani.

Tuangalie mezani petu. Beseni moja hupita kwa watu sita, na wa mwisho hunawa katika uchafu wa watano. Afadhali mtoto mmoja awamiminie wote maji. Asiye na ndoo ya robineti atoboe tundu dogo katika bidoni la lita 5, alitundike karibu na choo, na kipande cha sabuni kando yake. Tunawe tutokapo chooni, tumalizapo kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula.

Ninyi mnaowaombea wagonjwa, naweni kabla na baada. Na mwenye homa kali asicheleweshwe nyumbani wala chumbani mwa maombi. Apelekwe kituo cha afya, nasi tumwombee njiani.

3. Mambo mengine ya nyumbani

a) Usingizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 hivi kila usiku. Aliyekesha katika maombi apumzike kesho yake kabla ya kupanda pikipiki. Tulale ndani ya chandarua, kwa maana mbu wa malaria huuma hasa usiku.

b) Panya. Huko Rethy, katika Djugu, tauni, ambayo wengi twaiita pesti, imerudi mara nyingi. Panya akifa, viroboto wake humtafuta mtu. Tusilale chini karibu na mahindi, wala tusishike panya mfu kwa mkono mtupu. Mwenye homa na uvimbe wa kinena au kwapa aende hospitali siku hiyohiyo. Dawa ikitolewa mapema huponya.

c) Mbabula. Usiku wa baridi tusilale na makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Wapendwa, hakuna hata moja katika haya linalohitaji fedha nyingi. Yordani ilikuwa mto tu, bali Naamani alipaswa kushuka.

Maswali ya kujibu pamoja na jamaa yako:
1. Kwa nini Naamani alikasirika?
2. Nyumbani kwako maji ya kunawa yako wapi, na sabuni iko wapi?
3. Ni jambo gani moja mtaanza juma hili?

Bwana awalinde. Amina.